Namna Nilivyozeeka Mwezi wa Saba

Jumapili, 29 Juni 2014

Mchango wa kadi ya afya umepanda tena! Tangazo limetolewa nje ya kanisa, mara baada ya misa, watu wakiwa bado na moyo laini. Wamechagua wakati huo makusudi. Mwaka juzi walibadilisha idadi ya wategemezi. Mwaka jana wakabadilisha rangi ya kadi. Mwaka huu ni kiwango. Kila Julai lazima wazue jambo. Watu hawa siwaamini hata kidogo.

Kadi ya familia yetu inaisha kesho. Mke wangu Marieta ana mtoto wa jicho, na madaktari wa macho wanakuja Katesh mwezi ujao. Mwenye kadi hai atapasuliwa. Asiye nayo atarudi nyumbani akipapasa njia. Kondoo dume wa kulipia mchango yupo, mkia umejaa mafuta, tulimtenga tangu Pasaka. Marieta anataka nimpeleke mnadani upesi. Nimemwambia asiniharakishe.

Maana nimesikia kitu. Mwishoni kabisa mtangazaji alishusha sauti. Akasema wazee kuanzia miaka sitini wanatibiwa bure, waende kwa mtendaji waandikishwe. Kwa nini ashushe sauti? Wanataka tusisikie!

Mimi nina miaka hamsini na minane. Kwa sasa.

Jumatatu, 30 Juni

Nimekwenda kwa Justina, mtendaji wa kijiji. Amenisalimia shikamoo vizuri, kisha akaniomba cheti cha kuzaliwa. Cheti! Mimi nimezaliwa ndani ya tembe, ng'ombe wakiwa upande wa pili. Akasema basi nilete mzee aliyekwisha kuandikishwa, anishuhudie.

Mzee huyo hapa kwetu ni mmoja tu. Nikolausi! Jirani yangu, mpaka wetu ni mstari wa minyaa ambao kila mwaka unasogea kwangu. Tulitahiriwa siku moja, ngariba mmoja. Yeye alikuwa mkubwa kidogo, lakini rika ni rika, ndiyo maana sijawahi kumpa shikamoo hata moja. Mpaka leo anatangaza kwamba nililia. Sikulia. Kulikuwa na baridi.

Jioni: kuku mweusi hayupo. Marieta anasema labda ni kicheche. Nimekagua banda. Hakuna unyoya hata mmoja. Kicheche gani anabeba kuku mzima kwa adabu hivyo? Huyu ana miguu miwili.

Jumatano, 2 Julai

Nimemweleza Nikolausi shida yangu. Amekubali kabla sijamaliza sentensi. Inatia shaka! Mtu huyu hata moto wa kuwashia jiko hakupi bila kukuuliza unapika nini.

Kumbe lipo sharti. Anasema mtu haingii kwenye wazee mikono mitupu. Wazee wanakaa, wanakunywa pombe ya asali, anachinjwa kondoo, ndipo mtu anaitwa mzee. Bila hivyo wenyewe watamwuliza Justina huyu alizeeka lini, sisi tulikuwa wapi. Nilitaka kubisha, lakini ndiyo desturi. Akanisindikiza mpaka zizini akamshika kondoo mkia. Alimpapasa muda mrefu.

Marieta akauliza kama huyo mtu ni mnunuzi. Nimemjibu kwamba kondoo anakwenda kwenye suala letu la afya. Si uongo.

Ijumaa, 4 Julai

Nimezeeka!

Wazee wamekula, wamekunywa, wamenitemea pombe ya baraka kifuani. Mafuta ya mkia Nikolausi amebeba kwenda nayo kwake. Halafu tumekwenda kwa Justina, Nikolausi akatoa ushahidi. Ushahidi gani! Eti siku ya Uhuru yeye alikuwa anachunga vitoto vya mbuzi, mimi tayari nachunga ng'ombe peke yangu mbugani. Eti nilimvusha mto mgongoni. Akanitaja kuwa na miaka sitini na mitano! Wazee wengine hawakupinga. Walikuwa bado wanachokonoa meno.

Kitambulisho ninacho. Picha imetoka vibaya, na imesaidia. Bure kabisa, maisha yangu yote! Wao wapandishe kila Julai, mimi nitakuwa nacheka.

Ila kuna kitu kinanisumbua. Niliomba sitini. Kwa nini ameniongezea? Nikolausi hajawahi kumwongezea mtu chochote.

Jumapili, 6 Julai

Baada ya misa Nikolausi amevua kofia mbele ya watu wote, akainama, akapaza sauti: Shikamoo, mzee Bonaventura! Ikabidi niitikie marahaba. Miaka yote hii, na leo Nikolausi amenipa shikamoo! Naungama kwamba ilikuwa tamu.

Ilikuwa tamu mpaka alipoanza kuwaita na wengine. Wanawake wa kwaya, ambao huwa wananitania mpaka nasahau njia ya nyumbani, leo wameinamisha macho kama wameona askofu. Kisha kamati ya mashine ya kukamua alizeti, ninayoisimamia mimi, ikanivuta pembeni. Wamesema hawakujua umri wangu. Wamesikitika sana kunichosha. Nipumzike. Usimamizi wa mashine apewe aliye na nguvu.

Wamempa Nikolausi. Kwa sababu ni kijana!

Mashudu ya nguruwe wangu nayo yamekwenda. Sasa nimeelewa kwa nini aliniongezea.

Jumanne, 8 Julai

Ng'ombe wa wafugaji wa bondeni wameingia kwenye mbaazi za watu. Wazee wa pande zote wameitwa kusuluhisha. Mimi ndiye mkubwa kuliko wote upande wetu, kwa hiyo nafungua kikao, nafunga kikao, na katikati siruhusiwi kuondoka. Nimekaa juu ya jiwe kutwa nzima, upepo wa Mlima Hanang ukipita ndani ya suruali. Nikolausi amepita akielekea kwenye mashine, mluzi mdomoni. Akasimama kunisalimia. Mara mbili.

Nimerudi nyumbani. Jogoo hayupo! Sasa naelewa mpango mzima. Ananiweka kikaoni, anaiba kuku.

Alhamisi, 10 Julai

Leo naandika polepole.

Tumekwenda zahanati kuandikisha majina ya wanaokwenda kwa madaktari wa macho. Nikaweka kitambulisho changu mezani kwa nguvu. Muuguzi, Perpetua, akakigeuza. Akasema, kwa heshima zote, kwamba hiki kinamtibu mzee mwenyewe tu. Mama ana miaka hamsini na minne, yeye anahitaji kadi ya familia. Kadi ya familia ikoje? Imeisha. Kwa nini hatukulipia?

Kwa sababu wazee wamemla kondoo.

Sikusema hivyo. Nilirudisha kitambulisho mfukoni. Marieta naye hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha. Aliniambia tu nitangulie nyumbani, yeye ana neno na Perpetua la wanawake. Baadaye alinimiminia chai, nusu ikaingia kikombeni, nusu ikamwagika magotini pangu. Hakuona. Nilifuta kimya kimya na nikasema imetosha, asante. Chai ilikuwa ya moto sana.

Naogopa. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma. Mwanamke huyu ndiye anayejua kila mbuzi wetu kwa uso wake, na sasa ananitambua kwa kikohozi.

Jumamosi, 12 Julai

Dawa ya moto ni kufikiri. Nimeanza na mwizi wa kuku, maana kuku waliobaki ndio mali pekee ya kuuza. Nimemwaga majivu mlangoni mwa banda, nikaenda kwenye kikao (mbaazi bado). Kurudi, kuku wamepungua tena, na kwenye majivu kuna nyayo!

Ni nyayo za kandambili za Marieta. Zimeingia, zimetoka. Hakuna nyingine.

Nimetafakari sana. Jibu ni moja tu. Nikolausi anakanyaga juu ya nyayo za mke wangu ili asijulikane. Sikujua kwamba ana akili kiasi hiki.

Jumatatu, 14 Julai

Mpango mpya. Kama mimi nilizeeka Ijumaa, Marieta anaweza kuzeeka leo. Nimekwenda kwa Nikolausi nikiwa nimemeza hasira yote. Amenipa shikamoo na kigoda. Yuko tayari kushuhudia, ila kwa kondoo mwingine dume. Sina. Nina jike, mwenye mimba.

Nikarudi kumwomba Marieta angalau ashike fimbo, ainame kidogo, akohoe mbele ya madaktari. Amenisikiliza mpaka mwisho. Akasema: Baba Oliva, mimi siongezi hata siku moja. Umezeeka wewe, inatosha. Akaendelea kuchagua maharage, kwa vidole.

Ametulia mno. Anaficha jambo.

Alhamisi, 17 Julai

Katesh. Tumefika alfajiri. Nilijipanga foleni ya wazee na kumficha Marieta nyuma ya koti langu, nikitegemea watatuhesabu kama mtu mmoja. Muuguzi akatoka mlangoni akaita kwa sauti: Marieta, mkuu wa kaya!

Nikacheka. Nikamwambia amekosea, mkuu wa kaya ni mimi hapa. Akanitazama. Marieta akatoka nyuma ya koti, akafungua fundo la kitenge na kutoa kadi. Mpya! Hai! Mkuu wa kaya yeye, wategemezi wajukuu na mama yake mzazi. Mimi simo. Nikamwuliza fedha ametoa wapi. Akajibu bila aibu yoyote: kuku wamelipa, tangu siku ile uliponiambia nisikuharakishe nilishuku, na jirani aliposhika mkia wa kondoo nikajua hafiki mnadani.

Akaingia ndani akishika ukuta. Nikabaki kwenye benchi. Wakati wote ule alipokuwa ndani sikuwaza mchango wala Nikolausi. Nilimwomba Mungu ampe macho, anione hata kama sipendezi.

Ijumaa, 18 Julai

Wamefungua bandeji. Marieta amepepesa jicho, ameangalia dirisha, ameangalia muuguzi, kisha ameniangalia mimi kuanzia kofia mpaka viatu. Kwa muda mrefu.

Akasema: Shikamoo, mzee.

Wodi nzima imecheka. Na mimi nimecheka, machozi yakanitoka, na safari hii sitasema ni baridi.

Jumapili, 20 Julai

Nyumbani. Marieta anaona mpaka punje ya ulezi kwenye vumbi. Ameona pia kwamba minyaa ya Nikolausi imesogea, na amekwenda mwenyewe kumweleza. Nikolausi ameirudisha. Sijui amemwambia nini.

Marieta anasema kadi yake ina nafasi moja, mwakani akilipia ataniingiza. Kama mtegemezi! Mimi! Chini ya mama mkwe! Sikubali. Halafu mtu ananiingiza bure hivi hivi, bila sharti? Kuna kitu hapo.

Mpango wangu ni safi zaidi. Kabla ya Julai nyingine kufika nitapunguza umri. Nitarudi hamsini na tisa, nitachukua mashine yangu, nitakuwa mkuu wa kaya, na kikao cha mbaazi wafungue wengine. Kinachohitajika ni shahidi mmoja tu, anayejua kwamba nilitahiriwa nikiwa mdogo kabisa na kwamba nililia.

Nimekwisha kuzungumza naye. Amekubali kabla sijamaliza sentensi. Kondoo jike atazaa karibuni, na tumbo lake linaonyesha dume.