Maneno Kumi Hayamtoshi Mtu

Mheshimiwa Mama Mkurugenzi Snežana,
Idara ya Maji.

Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na mumeo, na goti la mama yako likiwa limepoa. Mimi si mzima sana.

Nimepokea uamuzi wako wa kunihamishia kituo cha pampu kule mlimani kuanzia Jumatatu, kwa kosa la kumwandikia fundi ujumbe wa maneno mia mbili na kumi na mbili nikimwomba afunge koki. Uhamisho wenyewe haunisumbui hata kidogo. Nimetumika miaka ishirini na tisa, nikitumwa, nakwenda. Ninacholalamikia ni amri yako ya maneno kumi kwa kila ujumbe wa kazini, na nalalamika kwa niaba ya adabu.

1. Salamu. Siku ya kwanza ya amri nilimwandikia Fundi Radiša: "Habari za asubuhi, Radiša? Mama anaendeleaje? Na miguu yake je?" Maneno yakaisha. Bomba la mtaa wa shule lilimwaga maji siku mbili, lakini Radiša mwenyewe ni shahidi kwamba mama yake alifurahi.

2. Zorka wa mapokezi. Alituandikia: "Kesho sipo. Slava." Wewe na mimi tunajua kwamba kwenye slava, sikukuu ya mtakatifu wa ukoo, mtu haalikwi, hujiendea, na asiyekwenda ameitukana nyumba. Tukaenda watu kumi na wanne, tumechana nywele, na mvinyo na kahawa mkononi. Kumbe Zorka alikuwa amekwenda kwenye slava ya kaka yake, mji wa pili. Tulifunguliwa mlango na mama mkwe wake, amevaa ndala, ana sufuria moja ya maharage. Kwa aibu akatulisha yote. "Wanangu," alituuliza, "kwani huyo Zorka hana mdomo?" Hadi leo mama mkwe hasemi na Zorka.

3. Ugonjwa umeingia nyumbani kwangu. Nikianza kusimulia siku yangu, mke wangu Desanka huinua vidole kumi na kuvikunja kimoja kimoja. Juzi vilikwisha hata sijafika kwenye kunawa uso.

4. Tukinyamaza sasa, paroko atanizika kwa kusema: "Alikuwepo. Hayupo. Karibuni mezani."

Kwa hiyo naomba jambo dogo. Radiša hutumia neno moja tu kwa kila ujumbe, "sawa" au "bado". Amekubali, mbele ya glasi za pombe ya rakija na mashahidi, kuniachia yake yote yanayobaki. Naomba idara iyatambue kuwa ni yangu, na akistaafu niyarithi rasmi.

Wasalimie wote nyumbani, na wa ofisini, na dereva wako, na yule paka wa stoo ambaye hakuna aliyemwekea kikomo.

Wako katika utumishi mrefu,
Ljubivoje Stanimirović,
Meza ya Zamu.

Nyongeza: Nilimpa Desanka aisome kabla sijaituma. Alisinzia alipofika kwenye neno koki. Alipozinduka akaniuliza, "Sasa wewe mwanamume unataka nini hasa?" Nikamjibu: "Nisihamishwe. Kule juu hakuna mtu wa kuongea naye." Alikuwa akikunja vidole, vikabaki viwili. Hivyo viwili navitumia kwako:

Nakuomba, Mama.