Koti la Nyapara na Kibofu Changu

Jumatatu, 6 Mei 1968
Nyapara wetu anastaafu. Meneja ametangaza: atakayechuna majani ya chai mengi kuliko wote kufikia Jumamosi atarithi koti lake la mvua, na filimbi. Koti lile ni langu! Nimemwambia mke wangu Yunia aanze kuniita Nyapara. Amecheka. Sijui kwa nini.
Mpinzani ni mmoja tu, Irungu. Lakini yeye humaliza chupa nzima ya chai, kisha mara tatu kwa siku hushuka chooni kule mtoni. Mjinga! Mimi sinywi kitu. Mkojo utangoja jioni. Akili ni nywele.

Jumanne, 7 Mei
Ratili tisini! Irungu themanini na moja. Nilibana tangu alfajiri hadi mizani ya jioni, nikiimba nyimbo za kanisa nisahau.

Jumatano, 8 Mei
Balaa! Nakimbilia chooni, yanatoka matone matatu, yanachoma kama pilipili. Nikirudi kwenye safu, nabanwa tena. Bila shaka Irungu amenifanyia kitu. Juzi si alinisalimia akitabasamu?

Alhamisi, 9 Mei
Mkojo una ukungu, unanuka. Chini ya kitovu panauma. Nimemweleza Kipchirchir, dresa wa zahanati ya shamba, kwamba rafiki yangu anaumwa hivi na hivi. Akasema hizo ni dalili za kibofu kuvimba: rafiki hanywi maji, tena anabana. Anywe maji mengi, asibane, ameze tembe zote za siku saba. Akiona homa, damu au maumivu ya mgongo, hospitali mara moja. Na rafiki aache kuruka-ruka mbele ya meza yake. Mficha maradhi, akasema, kifo humuumbua. Foleni nzima ikacheka. Yunia alikuwa kwenye foleni.
Nikachukua tembe. Za rafiki.

Jumamosi, 11 Mei
Irungu ameshinda. Mimi nimeshinda chooni. Koti linamfika magotini, halimpendezi hata kidogo. Nimelia, na si kwa sababu ya kibofu.
Watu wamemwuliza siri yake. Eti anakunywa, anakwenda haja mapema, halafu anachuna bila wasiwasi. Mwongo mkubwa! Anaficha dawa yake.

Jumapili, 12 Mei
Maumivu yamekwisha! Tembe zilizobaki nimempa jogoo wetu mwenye mafua. Nyapara Irungu anatafuta msaidizi: atakayechuna zaidi wiki ijayo. Msaidizi naye hupewa filimbi, ndogo.
Nimefikiri sana kanisani, nikagundua kosa langu. Jumatatu asubuhi nilikunywa uji.
Kesho hata uji sinywi.