Ombi la Kumrudisha "Went" kwa Mwenyewe

Nkoma, Bariadi
3 Desemba 1997

Kwako Mwalimu Mkuu,

Pokea heshima zangu. Mimi ni Luhende, mkulima wa pamba, baba yake Milembe, yule mtoto uliyemkataa juzi katika shule yako mpya ya Kiingereza hapo Somanda. Kwenye usaili alitaka kusema "nilikwenda", akaandika "I goed" badala ya "I went". Nimeumia sana. Mama yake amelia, na sare tulishamshonea. Basi nikafungua kamusi kubwa ya parokia kutafuta haki, na haya ndiyo malalamiko yangu:

1. "Went" ni mali ya wizi. Hapo kale Waingereza walikuwa na kitenzi "wend", maana yake kugeuka, kushika njia ukaenda zako. Went alizaliwa katika boma la Wend. Go, kile kitenzi cha "kwenda", akamswaga mpaka kwake, na leo anamkamua hadharani bila haya. Wend amebaki kikongwe, hata Waingereza wenyewe hawamsalimii.

2. Mwalimu, wewe ni wa huku huku. Nyayo za ng'ombe aliyeibwa zikiingia bomani kwako zisitoke, ni wewe utakayewajibu sungusungu. Nyayo nimezifuata, zimeishia kwa Go.

3. Usiniambie ni soko huria. Kweli, siku hizi kila mwenye lori ananunua pamba, lakini hata yeye hununua kwa mwenye shamba.

4. Kwa hiyo Milembe hakukosea, alikataa kutumia kilichoibwa. Mtoto mwadilifu namna hii mngemfanya kiranja, nyinyi mmemrudisha nyumbani!

Naomba Go aitwe mbele ya wanzengo, yaani wanakijiji wote, amrudishe Went pamoja na ndama wote, na alipe faini ya fahali. Kesi ikiendelea, walimu wako wote waseme "goed", hata mbele ya mkaguzi.

Wasalimie walimu, mpishi, na mlinzi aliyetuonyesha lango la kutokea kwa upole. Wanzengo wote wa Nkoma wanakusalimu.

Ni mimi mwenye uchungu na mtoto,
Luhende Ngeleja

N.B. Shemeji Novatus, aliyesoma seminari, ameisoma barua hii akacheka mpaka akakaa chini. Anasema Go alikuwa na ng'ombe wake mwenyewe wa wakati uliopita, jina lake "eode", akafa zamani, ndipo akamchukua Went mchana kweupe. Wend naye akajipatia mwingine, "wended". Hapana wizi hapo, kesi naifuta. Milembe sasa anaandika "I went to school in Somanda" bila kosa. Ila sentensi hiyo bado ni uongo, Mwalimu, na mimi sipendi mtoto wangu aseme uongo. Tafadhali mpokee.