Kituo cha Data Kisichokula Umeme

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa unyenyekevu mkubwa ni mimi mwenyewe. Mheshimiwa Naibu wa Mgeni Rasmi, uliyekuja ili nisipokuja uwepo. Waheshimiwa wakurugenzi, makaimu wakurugenzi na wanaokaimu nafasi za makaimu. Viongozi wa dini mlioiombea mitambo. Wananchi mlio juani, na ninyi wawili mliokalia viti vya wageni kimakosa. Na itifaki yoyote niliyoisahau ijione imetajwa. (Makofi.)

Ndugu zangu, mtu anapomtumia bibi picha ya mjukuu, picha hiyo hailali hewani; hulala ndani ya seva, na seva, kama mkwe aliyekuja kukaa, haizimwi, haifokewi, na sharti ipepewe usiku na mchana. Kwa kulitambua hilo, ofisi yangu ilibuni Mkakati Jumuishi wa Sastenabiliti ya Nishati Endelevu Isiyokoma Kuendelea, uliopitia warsha, semina elekezi na semina ya kuielekeza semina elekezi, hadi nikapongezwa na kamati ya pongezi ambayo, kwa ajili ya ufanisi, naiongoza mwenyewe. (Makofi. Mpambe anaongeza ya kwake.) Na ili kituo hiki kisije kikapungukiwa, tuliazima kwa muda laini ya umeme ya zahanati yenu.

(Mkunga wa zahanati, kutoka nyuma: "Kwa muda? Tangu mvua za mwaka jana! Nazalisha huku tochi nimeing'ata kwa meno! Mzazi akiniuliza kapata mtoto gani, namjibu 'mmh'!" Kicheko.)

Nimeupokea mchango wa mdau huyo, ambaye itifaki hainiruhusu kumwita mama mdogo. (Mkunga: "Nyumbani utaniita!") Namsihi avumilie, kwa kuwa mvumilivu hula mbivu. (Mkunga: "Zimeshaozea mtini, baba!")

Tuziachie takwimu ziseme, maana takwimu, tofauti na mimi, hazina mama mdogo. Vituo vya data vya wenzetu hula umeme wa mji mzima na kunywa maji kama ngamia ili kupoza mitambo. Chetu, tangu nilipotangaza kwamba kimekamilika, hakijala hata uniti moja, hakijanywa hata kikombe, hakijatoa moshi wala kelele, na hivyo tumevuka lengo la uendelevu kwa asilimia mia moja na nne. Wataalamu kutoka nje walikuja kukitazama. Wakatazama, wakatazama sana, wakaondoka bila la kusema. (Makofi hafifu.)

(Mkunga: "Mwanangu, kama kituo hakili umeme, wetu anaula nani?" Sauti nyingi: "Hapo! Hapo! Jibu, mheshimiwa!")

Swali zuri, na mimi huyaheshimu maswali mazuri kwa kuyaundia kikosi kazi. Ila niseme kwa ufupi: umeme wenu uko salama kabisa katika kiyoyozi cha ofisi ya uratibu, ambako tunaupoza mpango wenyewe, kwa sababu mpango mkubwa namna hii, usipopozwa, hupanda joto. (Miguno.)

Sasa tusimame kwa kaulimbiu. Nikisema "Data", mnaitikia "Endelevu". Data! (Wananchi: "Zahanati!") Nadhani hamkunisikia vizuri. Data! (Wananchi, kwa nguvu zaidi: "Zahanati!") Asanteni, hamasa nimeiona.

Namalizia kwa shukrani. Nawashukuru wahandisi wa kituo, tutakaowaajiri. Mfadhili wetu, tutakayempata. Mwenye kiwanja, ambaye bado anakataa. Na kwa namna ya pekee mchoraji aliyekichora kituo chote kwenye turubai hili nyuma yangu, tena kwa umahiri uliomfanya naibu wangu apige hodi mlangoni. Upepo ukizidi, vijana lishikeni. Namshukuru pia fundi wa umeme, ambaye kwa ajili ya hafla hii ameigeuza laini ya zahanati kwa swichi ije kwenye kipaza sauti. Fundi, najua mkunga ndiye aliyemzalisha mkeo, lakini huyo mama asiikaribie swichi. Mama mdogo, nakuomba kiserikali. Mama mdogo, nakuomba kama mwanao, usii—

(Kipaza sauti kinazimika. Ng'ambo ya barabara, taa ya chumba cha kujifungulia inawaka. Makofi marefu, wote wakiwa wamesimama.)