Bibi Cherehani na Pampu Isiyonyamaza

Sogeeni, enyi mlioketi na mliosimama, wekeni chini vikombe vyenu mnisikilize, niwasimulie vita vilivyopiganwa bafuni siku ya Jumanne, jua likiwa halijafika utosini. Adui alikuwa pampu, dude la chuma lisilozidi ukubwa wa birika, lililofungwa nyuma ya ukuta wa chumba alimolala mtoto mchanga wa siku tisa.

Mama wa mtoto, macho yamemvimba kwa kukosa usingizi, alikuwa ameishiwa silaha. Akiizima pampu ukutani, hunyamaza, lakini maji ya kuogea nayo hukatika. Akiiwasha ili aoge, hunguruma, na hata akifunga koki haikomi, mtoto akaamka akilia kama aliyedhulumiwa urithi. Fundi naye, alipopigiwa simu, alitoa hukumu bila kukanyaga mlangoni: pampu imekufa, tafuteni nyingine.

Hapo ndipo aliposimama mama mkwe, mgeni wa wiki moja, mshonaji wa miaka arobaini, ambaye kwao humwita Bibi Cherehani, mtiisha zipu zilizogoma. Hadi saa hiyo wakwe hawa wawili walikuwa wakisemezana kwa adabu ya watu wanaoogopana.

"Mkamwana wangu," akasema, akikunja mikono ya gauni, "nimekaa na mashine tangu mumeo hajazaliwa, na mashine haizunguki bure. Hii si maiti. Inasukuma maji, ila hatujui yanakokwenda. Basi tukayatafute."

"Usijisumbue, Mama. Baba watoto kasema tusiiguse mpaka arudi."

"Huyo nilimfundisha mimi kufunga viatu. Washa."

Ikawashwa, ikanguruma. Shujaa akalikagua sinki la jikoni, akalikuta kavu. Akaingia bafuni, akapiga magoti, nayo magoti yakalalamika, akatazama vigae vya ukutani chini ya bomba la mvua. Koki ilikuwa imefungwa kabisa, na bado maji yalikuwa yakiteremka, membamba, bila kukatika.

"Uzi huo," akanong'ona. "Pampu inadhani kuna mtu anaoga."

Akafunga koki ndogo ya bomba liendalo bafuni. Pampu ikanyamaza papo hapo.

"Kumbe nzima," akasema mkamwana, akakaa chini sakafuni.

Pampu ikazimwa. Kwa spana ya mwanawe, Bibi Cherehani akaifungua koki ya bafu, akachomoa kijipira kilicholika upande mmoja, hakizibi tena. Duka lilikuwa mbali, na mtoto ameanza kujinyoosha. Basi yule mshonaji akavua kandambili yake ya kushoto, akashika mkasi uliokwisha kata magauni ya maharusi wasiohesabika, akakata kisiginoni kiduara kidogo kuliko kifungo cha koti. Kikawa kikubwa. Akakipunguza, kikapwaya, akakitupa, akatukana kidogo. Cha pili kikakaa.

Maji yakafunguliwa, swichi ikabonyezwa. Pampu ikanguruma, na wale wanawake wawili wakajikuta wameshikana mikono. Ikanguruma tena kidogo, ikasita, ikakoma. Kupitia ukutani wakasikia mtoto akipumua.

Mkamwana akaoga. Akaoga kwa muda mrefu, bila haraka, kwa mara ya kwanza tangu ajifungue, na alipofunga koki pampu ikamtii. Akatoka na taulo kichwani, akamkuta mshindi ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anapangusa spana.

"Mama, unaondoka Alhamisi?"

"Ndiyo, mwanangu. Tiketi ninayo."

"Tuibadilishe. Kaa nasi mpaka mtoto atimize arobaini."

Bibi Cherehani aliipangusa spana ile ilhali imeshakauka.

"Haya," akasema. "Nitakaa."

Na iandikwe katika tarehe za ulimwengu, pale wanapotajwa majemadari waliotwaa miji na ngome, kwamba Jumanne hiyo, saa tano na robo asubuhi, mwanamke mmoja alitwaa nyumba nzima ya mwanawe, na hakuna aliyeamka.