Sinia la Mlangoni

Jumatano, 5 Machi

Siku ya tatu bila maji. Si mimi, ni maharage.

Kituo chetu ni cha vyuo vikuu vitatu vilivyokubaliana kushirikiana kutafuta maharage yanayovumilia ukame. Kushirikiana! Kila chuo kimeleta mbegu yake na mtu wake wa kuilea, na sisi watatu tunaviziana kama paka nje ya bucha. Mimi ni wa chuo cha kwanza. Wa pili ni Miwani, dada mmoja anayesomea udaktari wa mimea mwaka wa nne sasa. Wa tatu tunamwita Kimya. Huyo hahitaji maelezo.

Masinia matatu ya miche, meza moja ndefu, nyumba ya vioo. Wiki mbili bila tone. Mama Profesa wa chuo chetu, mkuu wa kituo, amesema miche itakayobaki imesimama ndiyo itakwenda shambani, na mlezi wake ataajiriwa miaka miwili. Wengine wawili, ahsante na kwaheri.

Yangu imeanza kuinamisha vichwa. Nami sitaki kuondoka hapa! Mchana joto likituama na vioo vikatoa jasho, mwanga wote unakuwa wa kijani, na mtu anajihisi yumo ndani ya jani. Huwa nalala kidogo chini ya meza. Leo nimeota maharage yangu yamepanda mpaka mawinguni, nami nimeketi juu ya ganda, naning'iniza miguu. Chini watu wananipungia mikono. Nikaamshwa na Miwani akiuliza kama nimekufa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepata wazo. Ni dogo, safi, halimdhuru mtu: chupa moja ya maji.

Miche yote inafanana kama vifaranga. Namba imebandikwa chini ya sinia na haisomwi mpaka siku ya mwisho, ili anayepima asipendelee. Lakini mimi si mjinga. Siku ya kwanza niliweka sinia langu kwa mikono yangu mwenyewe. Liko mlangoni.

Jioni nikamdokezea dada yangu, ninayekaa kwake. Ni mshonaji. Alikuwa na pini mdomoni, akazitoa zote kwanza ili anijibu vizuri. Akasema akili ninazo, tatizo ni pale ninapozitumia. Halafu akanikumbusha kuwa siku za mwizi ni arobaini.

Mimi nahitaji tatu tu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimechelewa tena. Ndoto ilikuwa tamu, nikaona vibaya kuikatiza. Nilipofika saa tatu, kazi za asubuhi zilikuwa zimekwisha. Hakuna aliyenisema. Watu waungwana.

Wenzangu walipokwenda kula, nikamwaga chupa nzima kwenye sinia la mlangoni. Udongo ukanywa kwa sauti, kama mtoto mwenye kiu. Jamani, raha niliyoisikia! Nilipoinua kichwa nikamwona Kimya pembeni na ufagio wake. Akanitazama. Akatazama chupa. Akaendelea kufagia.

Jumatano, 12 Machi

Nilisahau mizani!

Asubuhi za Jumatatu, Jumatano na Ijumaa Mama Profesa hupima masinia aone yamekauka kiasi gani. Mawili yamepungua kama kawaida. La mlangoni limeongezeka nusu kilo. Akapima tena. Akabadilisha betri. Akapanda mwenyewe kwenye mizani kuhakikisha inasema kweli, akashuka amenuna. Akampandisha Kimya paani kutafuta panapovuja. Hakuna.

Basi akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Kisha akasema polepole kwamba labda mmea huu unakunywa hewa. Labda majani yake yananasa umande usiku, sote tukiwa tumelala, na kuupeleka chini mpaka mizizini. Macho yake yalikuwa mbali kabisa, na uso umekuwa wa msichana.

Nami nikamwambia inawezekana sana. Naapa, kwa dakika tano nzima niliamini. Niliuona umande ule ukishuka, tone kwa tone, kwenye maharage yangu matukufu.

Mchana nikatia chupa ya pili. Muujiza hauachwi katikati.

Alhamisi, 13 Machi

Mama Profesa amewaita wakuu wa vyuo vile viwili waje Jumatatu. Halali, wala hali. Ameandika kurasa kumi na moja. Nimejizoeza mbele ya kioo kushikana mikono bila kutoa meno yote.

Miwani amenyong'onyea. Ameniambia masinia mengine mawili yanageuka manjano, na kama moja ni lake ataanza utafiti wake upya. Baba yake humpigia simu kila Jumapili kuuliza kama ameshakuwa daktari, maana ana goti bovu anamtunzia. Ameshindwa kumweleza kuwa udaktari wenyewe ni wa maharage.

Eti hajui lipi kati ya masinia ni lake! Miaka minne shuleni! Nikamhurumia, nikampa nusu ya ndizi yangu. Halafu nikatia chupa ya tatu.

Jumatatu, 17 Machi



Wakuu wawili walifika na suti zao, wakaloa jasho kabla hata ya kusalimiana. Sinia la mlangoni lilisimama kijani, limenyooka kama gwaride. Mengine mawili, Mungu ayarehemu. Mama Profesa akaliinua kwa mikono miwili, akachungulia chini, akasoma namba.

Ya Miwani.

Miwani akapiga kelele, akacheka, akalia, akampigia baba yake palepale. Tukamsikia mzee akishangilia upande wa pili.

Ningenyamaza. Mtu mwenye akili angenyamaza! Lakini uchungu ulinizidi, nikafoka kwamba haiwezekani, sinia hilo ni langu, nimelinywesha chupa tatu mimi mwenyewe tangu Jumatatu iliyopita, na watu waache dhuluma.

Kukawa kimya. Na katika kimya hicho, Kimya akasema. Sijawahi kumsikia, ana sauti nzuri. Akaeleza kuwa Jumatatu iliyopita alfajiri, jaribio likiwa katikati, alihamisha masinia na kuandika kwenye daftari lake, ili lisiwepo moja linalopata mwanga kuliko mengine. Imeandikwa kwenye karatasi ya taratibu, pale ukutani.

Nikageuka kutazama. Karatasi ipo. Ndipo ninapotundika koti langu.

Mama Profesa akamuuliza kwa nini hakusema kuhusu maji. Akajibu hakuulizwa.

Jumanne, 18 Machi

Jaribio limefutwa. Linaanza upya, kuanzia mbegu.

Nilitegemea Mama Profesa angenifokea. Afadhali angefoka. Alisema tu kwamba kwa siku tano aliamini, na kwamba kwa umri wake siku kama hizo haziji mara mbili. Akazichana zile kurasa kumi na moja, moja moja. Nimebakizwa kuosha vikopo. Ajira ya shambani niisahau.

Miwani nilimkuta bombani, anaosha kikombe kilichokwisha takata. Nikamwomba radhi. Akasema jana usiku alimpigia tena baba yake, na mzee alipokea simu akiimba. Kisha akaniambia niondoke mbele ya macho yake.

Nimelia. Nimelia kweli, chini ya meza yangu, mpaka usingizi ukanichukua. Wala sikuota kitu.

Ijumaa, 21 Machi

Mbegu mpya zimepandwa. Nimeapa mbele ya dada yangu kuwa sitagusa tena tone la maji kwa faida yangu. Akasema hayo maneno matatu ya mwisho hakuyapenda.

Jumanne, 29 Aprili

Leo maji yamekatwa. Miche mipya imechangamka, mizuri, haijui lolote linaloisubiri. Vioo vimetoa jasho, mwanga umerudi ule wa kijani, nami nimelala kidogo.

Nimemwota mzee wa Miwani. Alikuwa anatembea katikati ya shamba la maharage yaliyomfika kifuani, goti limepona, anaimba. Nimeamka nimelowa machozi, na roho yangu nyeupe kabisa. Nimeelewa sasa. Kosa langu lilikuwa choyo. Nilijifikiria mimi tu, wakati kuna binti wa watu anateseka kwa sababu yangu.

Lazima nimfidie. Sinia lake nimelitia alama pembeni kwa ukucha mara tu alipoliweka mezani, likihamishwa nitalijua. Na safari hii nimeipigia hesabu mizani: kila nikitia kijiko cha maji, natoa udongo wa uzito uleule. Hakuna atakayegundua.

Asipate shida tena yule dada. Kijiko ninacho mfukoni, na wenzangu wameshakwenda kula.