Karatasi Nne Nyekundu

Jumatatu, 4 Machi
Baba mkwe amesafiri, anarudi Ijumaa. Ameniachia funguo za gari lake. Masharti: niliwashe kila asubuhi dakika tano, nilizime, nisilitoe uani. Mzee ana imani kubwa na mimi, imani ya dakika tano. Nikalitoa. Nimekwenda nalo kunyoa, mtaa wa pili tu, kiwiko nje dirishani kama mtu mwenye mambo yake. Kurudi, kioo cha dereva kimegoma kupanda. Nimekibembeleza, nimekivuta kwa viganja, hakina habari na mimi. Mke wangu anashauri nimpigie baba yake nimweleze ukweli. Wanawake na mizaha! Miaka sita mzee ananiita “huyo bwana”. Mwezi uliopita tu ndiyo ameanza kunitaja kwa jina. Kioo kikibaki chini, jina limekwenda.

Jumanne, 5 Machi
Nimelipeleka gereji anayokwenda mzee mwenyewe, wana rekodi zake zote. Kiyoyozi, viti laini, mashine ya maji isiyo na vikombe. Dada wa mapokezi ameniambia, bila kuinua macho, kwamba nitaitwa. Nikauliza lini. Amesema nikiitwa nitajua. Nimeshukuru kwa ufafanuzi. Fundi mkuu, wanamwita Spana, amesema ni kazi ya nusu saa, ataifanya akitoka kunywa chai. Nimengoja mpaka saa tisa. Chai gani hiyo, au majani ndiyo kwanza yanachumwa? Ndipo nilipoliona sanduku la malalamiko ukutani. Nikajaza fomu kimyakimya. Kwa jina la baba mkwe, maana gari ni lake na neno la mzee lina uzito. Nimeongeza kwamba amewahi kushika nyadhifa ambazo hapendi kuzitaja. Kalamu ninayo, nisiseme uongo.

Jumatano, 6 Machi
Gari lipo palepale, ila limebandikwa karatasi nyekundu kwenye kioo cha mbele. Tayari wametushtukia sisi ni watu wa namna gani. Ajabu ni kwamba magari yaliyoletwa leo asubuhi yanatoka, letu limetulia na wekundu wake. Huenda wanalitafutia fundi bora. Dawa ya moto ni moto: nimeandika malalamiko ya pili, makali zaidi, na kabla ya kuondoka nikatupia ya tatu. Mambo yanaiva.
Baba mkwe amepiga simu nyumbani. Nilimwomba mke wangu asipokee. Amepokea. Amemwambia gari halijambo, kwa sauti ambayo sikuipenda.

Alhamisi, 7 Machi
Karatasi tatu. Nimemvizia Spana akinawa mikono. Amenieleza polepole, kama anayempa mgonjwa majibu, kwamba karatasi moja ni lalamiko moja, na gari lenye karatasi nyekundu fundi haruhusiwi kuligusa mpaka meneja azungumze na mteja. Meneja yuko likizo hadi kesho. Juzi alipotoka kunywa chai alishashika bisibisi, akaikuta karatasi. Akasikitika kwamba mwenye gari ameingiwa na gubu, zamani hakuwa hivyo. Nimekubaliana naye, wazee ndivyo walivyo.
Nimekwenda mapokezi kufuta malalamiko. Dada amelionyesha sanduku kwa kidevu. Kufuta nako kunajaziwa fomu ileile. Nikajaza. Karatasi ya nne! Nimejipalia makaa kwa mkono wangu, na mwandiko mzuri.

Ijumaa, 8 Machi
Meneja amerudi, amesoma, amempigia mteja. Mteja alikuwa ndani ya basi anarudi nyumbani, akashangaa kusikia kwamba amekasirika. Ameshukia gereji. Nimemkuta mapokezi, miwani puani, anasoma fomu moja baada ya nyingine. Alipofika kwenye nyadhifa aliinua kichwa akaniangalia kitambo. Mzee ameuza saruji maisha yake yote.
Kioo kimepanda kwa dakika ishirini. Ilikuwa fyuzi. Mzee amewaomba radhi wote, mpaka dada wa mapokezi, ambaye leo ndiyo nimemwona macho. Halafu akampigia binti yake kumwambia kwamba huyo bwana atarudi kwa miguu. Imeniuma, sikatai. Nimetembea saa nzima na kila hatua nilikuwa nalisikia hilo “huyo bwana”.

Jumamosi, 9 Machi
Nimetafakari. Kosa si langu, sanduku lao limewekwa mahali pa kumshawishi mtu. Na haki itendeke: bila fomu zangu meneja angempigia nani? Kioo kimepanda kwa kalamu yangu, ingawa hakuna aliyenipa mkono.
Mama mkwe amepita asubuhi. Friji lake linavuja na anatafuta mtu wa kulipeleka kwa fundi. Mke wangu alishikwa na kikohozi cha ghafla. Nimejitolea kabla hajamaliza kukohoa, kwa sababu mzee atarudisha moyo akinywa maji baridi. Nalipeleka Jumatatu. Ili tusipoteze muda, malalamiko nimeshayaandika leo, kurasa mbili, kwa jina la mama mkwe.